Jinsi ya Kupiga Kafi Bahari Ikiwa Imekwenda Zake

Anayetaka maji meupe yanayoruka mawe aende Sagana, kwenye Mto Tana. Sisi wa Kisauni, Changamwe na Likoni tuna mikono miwili ya bahari, Tudor na Port Reitz, na humo kuna kazi ngumu zaidi, kwa sababu maji yenyewe huondoka. Machi, kaskazi ikielekea ukingoni, mito ya Kombeni na Mwache huwa imekonda, na bamvua za majira hayo ni kati ya zile kubwa za mwaka. Maji hushuka zaidi ya mita 3. Alfajiri kuna bahari. Saa nne kuna tope, kaa, na wewe juu ya mtumbwi.

Basi usome mwezi kabla ya kushika kafi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu. Hapa Mombasa maji yake hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, kisha saa hiyo husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Maji mafu, wiki moja baadaye, hupanda na kushuka kama mita 1 tu. Mgeni na aanzie hapo. Mwezi haupokei rushwa.

Sasa kanuni kuu, na ukisahau mengine yote, hii baki nayo: ingia maji yakianza kujaa. Ukikwama maji yanajaa, kaa kitako, kula mahamri yako, bahari itakuja kukuinua yenyewe. Ukikwama yanakupwa, mahamri hayatatosha. Utakaa juu ya fungu mpaka jua likujue kwa jina. Wala usidanganywe na upole wa saa ya kwanza. Katika saa sita za kukupwa, ya tatu na ya nne peke yake huondoa karibu nusu ya maji.

Kwenye kina cha magoti kafi halina kazi. Chukua pondo, simama nyuma, sukuma taratibu ukifuata mkondo wa katikati. Hujui mkondo uko wapi? Waulize wavuvi wa Junda, Mikindani au Mtongwe. Amkia kwanza: “Shikamoo mzee, maji yanapitia wapi leo?” Hiyo “leo” ni muhimu, maana mafungu huhama.

Usiruke nje kuusukuma mtumbwi kwa miguu mitupu. Chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko hukata nyayo, na tope humeza mguu hadi pajani. Likikushika, lalia ukingo wa mtumbwi, utoe mguu mmoja mmoja. Maji hayo usiyanywe: majitaka ya mji huishia humo.

Mwache nenda kwa adabu zaidi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara, ukafukia mizizi inayopumua, na mikoko mingi ikafa imesimama. Unapoona kina kimepungua, ujue unapita juu ya mashamba ya watu. Makupa kuna habari njema: daraja lililofunguliwa 2022 lilichukua nafasi ya tuta lililokuwa limeyazuia maji ya Tudor na Port Reitz yasikutane. Kilindini usiende kabisa. Huko kina hakipungui kiasi cha kuzuia meli, na feri ya Likoni haitakukwepa.

Pondo likivunjika njiani, rudi na kafi, hata ukichelewa. Usikate mkandaa wa mtu mwingine, na kila mkandaa wa Tudor una mtu wake: mvuvi anayetegemea kamba wanaokulia chini yake. Mwanzi mkavu unapatikana mjini, na unasukuma vizuri.