Deni Lahamia kwa Mwenyeji Mpya

Marekani mtu hulala mdaiwa wa benki moja, akaamka mdaiwa wa nyingine. Wala hakuulizwa, tangu lini mbuzi akaulizwa mnadani?

Juni 2016, wateja wa Costco waliozoea kadi ya American Express walijikuta mikononi mwa Citi, wakiwa na Visa mpya. Deni halikupotea njia.

Na riba je? Hapo sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inaichania mkeka benki iliyonunua deni: deni la zamani huhama na kinga yake, na kubadilika kwa kibao cha mlangoni si sababu ya kulipandishia riba. Riba inayofuata soko itapanda na soko, basi. Manunuzi mapya ni habari nyingine: taarifa ya siku 45, kisha kiwango kipya. Naye anayechelewesha malipo kwa zaidi ya siku 60 hunyang'anywa hata ngao hiyo.

Barua ya benki mpya huanza na "Karibu!" ya herufi nono. Asilimia zimekaa jedwalini, ukurasa wa ndani, ambako msomaji hufika keshapiga miayo miwili na mkasi keshaushika, anaikatakata kadi ya zamani.