Trei 340 na Jogoo Mmoja

“Kaka, kwani unafugia humo humo unamorekodia?”

Ndivyo alivyoniuliza mteja juzi kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake nasikia ofisi nzima inacheka. Nilikuwa nimempelekea tangazo la bima ya maisha, sekunde 30, sauti yangu nzito ya kubembeleza. Nilipofika kwenye “lala salama, sisi tuko macho,” jogoo akawika. Aliwika kwa mapumziko sahihi kabisa, kama aliyepewa karatasi asome zamu yake.

Jogoo mwenyewe simlaumu. Ni wa jirani na anafanya kazi yake. Kinachouma ni kwamba alipokuwa anawika, mimi nilikuwa nimezungukwa na trei za mayai 340. Nilizikusanya miezi mitatu kwa wauza chipsi wa Sinza, nikazigandisha ukutani kwa gundi ya seremala. Kila trei hubeba mayai 30. Maana yake watu wamekula mayai 10,200 ili mimi nisisikike kama mtu aliyetumbukia kisimani.

Na bado nasikika kisimani.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na kusoma kukanitia uchungu zaidi. Chumba changu ni mita tatu kwa tatu, na dari nayo iko mita tatu juu. Fundi alijivunia sana usawa huo. Kumbe kwa sauti hakuna umbo baya kama hilo. Katika joto la nyuzi 30, sauti hukimbia karibu mita 349 kwa sekunde. Ikienda ukuta mmoja na kurudi, imetembea mita sita. Basi mtetemo wa mara 58 kwa sekunde, na wa 116, na wa 174, hukuta safari hiyo inaitosha barabara, ikaanza kujirudia na kujipandisha. Chumba cha mstatili kingeigawa mitetemo hiyo, urefu ukachukua wake na upana wake. Changu kinaipandisha ile ile pande zote tatu kwa mpigo. Na 116 ndipo sauti yangu ya bima ya maisha inapokaa! Nikisema “mwanafamilia,” kuta zinaitikia kama wajomba msibani.

Trei je? Kitu kinachomeza sauti huifanyia hewa usumbufu: hewa inapita kwenye nyuzi nyuzi, inasuguana nazo, nguvu yake inageuka joto kidogo, inachoka. Lakini hewa iliyogusana na ukuta haiendi popote. Ni kama abiria aliyebanwa dirishani kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni. Anasukumwa, ila hata kujikuna hawezi. Utamchoshaje mtu asiyetembea? Hewa ya ule mtetemo wa 116 huchangamka zaidi sentimita 75 kutoka ukutani. Trei yangu ina sentimita tano. Inazinyamazisha kidogo zile “s” na “sh,” halafu besi inapita inacheka.

Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, alitumwa kutibu ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilibaki linaelea zaidi ya sekunde tano. Akaazima mito ya viti vya ukumbi mwingine, akawa anaibeba usiku, anapiga filimbi ya kinanda, anahesabu muda mpaka sauti ife, anaongeza mito, anahesabu tena. Kabla ya asubuhi mito ilitakiwa iwe imerudi kwa wenyewe. Mito, wala si trei. Mimi nilichelewa kuzaliwa au nilikula chipsi mayai nyingi mno.

Na yote hayo hayamhusu jogoo. Kumzuia jogoo kunataka uzito na kuziba matundu, kwani panapopita hewa ndipo sauti inapopita. Dirisha langu ni nondo na wavu wa mbu. Nikiliziba, nitarekodi tangazo moja na la pili litakuwa la msiba wangu.

Mkataba na ofisi ya mteja unasema “ubora wa studio.” Studio yenyewe hawataki kuikodi. Wanalipa baada ya siku 90, na safari hii wamekata robo kwa sababu ya “kelele za mifugo.” Mtu aliyeandika kifungu hicho anakaa kwenye kiyoyozi, nyuma ya vioo viwili. Jogoo wa jirani analipwa pumba kila asubuhi, na hajawahi kuambiwa asubiri idara ya fedha.

Trei kumi za mwisho zilikuja na utitiri. Nilijikuna wiki nzima.

Mvua iliponyesha juu ya bati nilijifanya natangaza hali ya hewa.

Mama mwenye nyumba alichungulia, akaagiza mayai trei mbili.

Jana nililisimamisha godoro letu la sufi kwenye kona, nikaliacha mbali kidogo na ukuta. Wallahi, sauti ilikaa! Kikasalia kitu kimoja tu, utulivu wa nje, na mtaani kwetu utulivu hupatikana saa nane usiku. Nikaamka saa nane. Jogoo kimya, boda boda kimya, hata mbwa kimya. Nikashika pembe ya godoro, nikavuta taratibu.

“Baba Neema,” mke wangu akasema bila kufumbua macho, “kalalie trei zako.”