Jini Namba Saba

Baiskeli ya umeme iliingia nyumbani kwetu kama mke mwenza. Ikapewa kona yake sebuleni, kitambaa laini cha kufutiwa vumbi, na soketi ambayo siku zote ilikuwa ya friji langu. Baba watoto aliinunua mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama mji, akaapa kwamba yeye na kugombania daladala Ubungo basi tena.

Masika yalipopita, vituko vikaanza. Asubuhi ilitoka Kimara taa zote nne za betri zimewaka, ikateremka mjini bila neno. Jioni, barabara ikianza tu kupanda, inazima, na taa bado tatu. Akiizima na kuiwasha upya inaamka, inajivuta kidogo, inazima tena. Mwenyewe anashuka, anasukuma mlima mzima akiwa na tai shingoni, na vijana wa bodaboda kijiweni wanampokea: "Shikamoo mzee! Bando limekata?"

Nyumbani kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Baba watoto alilisingizia friji, eti linainyang'anya chaja umeme. Mama mkwe alimtaja jirani aliyeisifia baiskeli getini bila kusema mashaallah. Fundi redio wa mtaani yeye aligusisha mita kwenye vichwa vya betri, akasoma volti 41 na ushee, akatangaza kwamba betri nzima kabisa.

"Mbaya wenu ni hii bodi ya ulinzi humu ndani, inakata moto ovyo. Naitoa, naunga daireti, utapanda mpaka Kibaha."

Baba watoto mkono ulikuwa ushaingia mfukoni. "Baba watoto," nikamwambia, "hiyo hela irudishe. Ngoja shemeji yako aje."

Mdogo wangu anasoma umeme VETA. Alikuja Jumamosi, akaamkia, akanywa chai, kisha akaomba meza ya chakula. Alivua pete na saa, akafunga bisibisi kwa utepe wa plastiki hadi karibu na ncha, kwa sababu chuma kikigusa pande mbili za betri ile cheche zake si za mchezo. Kasha lilipofunguka tukaona seli 40, kila moja nene kama kidole gumba, zimepangwa makundi kumi ya nne nne. Pembeni, chini ya mfuniko uliolegea, kulikuwa na alama ya maji, na kamba ya bati inayounganisha kundi moja imeota kutu.

"Seli moja ikijaa ni volti 4.2," alisema. "Makundi kumi yakifuatana ni 42. Sasa tuhesabu kundi moja moja, shemeji, tusipime jumla."

La kwanza 4.2. La pili 4.2. Hivyo hivyo mpaka la sita. La saba: 3.9. Yaliyobaki yote 4.2. Jumla 41.7, na ukiwa na mita kwenye vichwa vya nje tu utaapa betri imejaa.

Kisha akaunganisha globu tatu za taa kubwa za gari, za volti 12 kila moja, moja baada ya nyingine, akaitwika betri ile mzigo huo. Sebule ikawaka, mama mkwe akajikinga macho kwa kanga. Makundi mengine yalishuka kidogo tu yakatulia. La saba halikutulia: 3.6, 3.4, 3.2. Watoto wakaanza kulisomea mita kwa sauti. Lilipokaribia 2.8, globu zote zikazima kwa pamoja, pu!

"Kumbe jini lenyewe ni namba saba!" akasema mama mkwe.

Ndiyo siri ya mlimani. Kwenye tambarare mota inakunywa kidogo, kundi bovu linajikongoja na wenzake. Mlimani inavuta umeme mwingi, kundi bovu linaporomoka, na bodi inakata ili kulinda seli. Ukizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda tena, ndiyo maana ilikuwa inafufuka. Bodi aliyotaka kuing'oa fundi ndiyo iliyokuwa inatusitiri. Seli ya lithiamu ikinyonywa kupita kiasi, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka. Siku ukiichaji inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kushika moto.

Baba watoto akaja na wazo la kupachika seli za kompyuta ya zamani. Shemeji yake akatikisa kichwa: seli zenye umri na uwezo tofauti zikifungwa pamoja, dhaifu huchoka mapema na ugonjwa unarudi. Tena kuzichomea kwa pasi ya risasi kunaziharibu kwa joto. Zinahitaji mashine yake maalumu.

Ikabaki betri mpya, na pesa haikuwepo. Ilikuwepo kwangu, zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika. Nilimkopesha kwa masharti: baiskeli itachajiwa barazani, mchana, mtu akiwa macho, mvua ikinyesha haipandwi, na soketi inarudi kwa friji. Akataka kubisha kuhusu LUKU, mdogo wangu akampigia hesabu: volti 36 mara saa-ampea 10 ni wati-saa 360, chaji nzima haifiki hata nusu yuniti. Akakosa la kusema, akatia saini nyuma ya risiti.

Nawe mwenye baiskeli kama hii, ikizima mlimani huku taa zinaonyesha imejaa, usikubali kipimo cha jumla. Dai kila kundi lipimwe peke yake, tena likiwa na mzigo. Na fundi akikwambia anaitoa bodi ya ulinzi ili aunge daireti, chukua betri yako, muage vizuri, ondoka.