Shangazi, Sijanunua Daladala

Houston, Texas

Shangazi, dhumuni la barua hii ni kuzima uvumi. Ile picha niliyotuma kwenye kundi la familia si ya daladala. Mjomba ameshaniuliza mara tatu linabeba abiria wangapi, na kama naweza kulipakia melini lije lipige ruti ya Tanga–Muheza. Mwambie linabeba wawili, na mmoja wao alipanda shingo upande.

Ni gari la kulala. Wenyewe wanaliita RV. Mbele usukani, nyuma kitanda, katikati jiko la gesi, friji na meza ya kukunja, na ubavuni choo. Najua hapo kwenye choo umesimama. Hata Mama alisimama hapo hapo: "Mnapika na choo kiko hatua mbili?" Mama hajaliona gari. Ni hatua moja na nusu.

Kazi yangu unaijua, kutunza wazee majumbani. Mmoja wao alipofariki, watoto wake hawakulitaka gari lake, wakaniuzia kwa bei ya kutupa. Lina miaka 22 na lina kiu ya punda wa chokaa: lita moja ya petroli, kilomita tatu na nusu. Mimi nikaona picha ya mzee mstaafu anayezunguka Marekani na kiti cha kukunja. Nilisahau kuwa nina miaka 51, na likizo yangu ni wiki mbili.

Usiku wa kwanza tulikwenda kulala kambini karibu na bahari. Kambi huku si mahema na moto, Shangazi. Ni mistari ya viwanja vya zege, kila kiwanja na nguzo ya umeme, bomba la maji na tundu la kumwagia uchafu. Binti wa mapokezi akasema dola 62. Nikadhani ni za wiki. Ni za usiku mmoja, kama laki moja na nusu za kwetu! Kitanda changu, shuka zangu, mke wangu, na bado nalipia kulala.

Asubuhi ikawa zamu ya kumwaga tangi la choo. Wenyewe wanayaita "maji meusi", na wana heshima sana kuyaita hivyo. Unavaa glavu, unafunga bomba nene la mpira kati ya gari na tundu la ardhini, halafu unavuta vali. Mimi nilikuwa na haraka, nikawa nimeshika vali na bomba halijakaa sawa upande wa gari. Mzee wa kiwanja cha jirani alipiga ukelele akaja mbio na ndara, kahawa ikimwagika. Akaligeuza bomba robo mzunguko mpaka likalia "ka". Akanifundisha: meusi kwanza, maji ya kuogea baadaye, ili hayo ya sabuni yasafishe bomba. Mpaka leo namwombea dua.

Basi huyo mzee, mgongo wa gari lake umejaa stika kama daladala ya Raskazoni, ila badala ya misemo ni nembo za klabu. Huku wenye RV wana klabu kama sisi tulivyo na vikoba. Akaniambia hakuna mwenye akili anayelipa dola 62. Jiunge, upate punguzo. Nilipomweleza Mjomba kwa simu kwamba natafuta chama cha kujiunga, akaniasa niache siasa za watu.

Wewe nilikutumia ujumbe wa sauti, kwa kuwa ndiwe mweka hazina wa kikoba chetu na sanduku lenye kufuli tatu linalala chini ya kitanda chako. Ukanijibu kwa maswali matatu tu: kiingilio shilingi ngapi, zamu yangu lini, na mtu akifiwa wanafanyaje. Niliyaandika nikayabandika kwenye mlango wa friji ya gari.

Nikaanza na Good Sam, kubwa lao, ya mwaka 1966. Jina ni la yule Msamaria Mwema. Msomaji mmoja wa gazeti la wasafiri, mtu wa Utah, aliandika barua akapendekeza watu wabandike stika nyuma ya gari, ili ukiharibikiwa njiani ujue nani atasimama akusaidie. Wazo zuri hilo, la kiungwana. Siku hizi ni biashara kubwa yenye maduka, bima na kadi. Punguzo la kambi zao linafika asilimia 10. Nikachukua kalamu. Mwaka uliopita tulilala kwenye gari siku 11. Asilimia 10 ya dola 62, mara 11, ni dola 68 na senti, na hapo hujatoa ada. Mzee jirani analala humo siku 300. Hesabu yake na yangu haziko kwenye daftari moja.

Iko nyingine, Passport America, ya tangu 1992, inayokukatia nusu bei. Nusu! Usiku mbili tatu tu ada imerudi. Lakini kila kambi inaweka masharti yake, na nyingi hazikubali wikiendi, wala sikukuu, wala msimu wenye watu. Ni nusu bei ya Jumanne. Jumanne mimi nambadilisha mzee shuka huko Pasadena. Sikuwalaumu, kosa ni la kalenda yangu, nikafunga daftari.

Harvest Hosts ilimvutia mke wangu, mpaka aliposoma vizuri. Hii imeanza 2010. Unalipa kama dola 100 kwa mwaka, halafu unalala bure usiku mmoja mmoja kwenye mashamba, na sehemu kubwa ni mashamba ya mizabibu na viwanda vya bia. Akaniangalia. "Tumekosa pa kulala mpaka tukalale kwenye mvinyo?" Nikamwonyesha kuna mashamba ya kawaida pia. Tukajiunga kwa majaribio, tukalala shamba la mbuzi magharibi ya Texas. Umeme hakuna, maji hakuna, lazima gari lako lijitegemee kwa choo na kila kitu. Adabu ya mahali ni kununua kitu kwa mwenyeji. Basi mwenyeji akatuonyesha jibini, akatuonyesha asali, akatuonyesha sabuni ya maziwa ya mbuzi, na watoto wa mbuzi wakawa wananyonya vidole vya mke wangu wakati wote huo. Tulilala bure kwa dola 47. Jibini mke wangu hali. Sabuni bado tunaogea.

Hapo tulikuwa kwenye safari ya Januari, ya kwenda Quartzsite, Arizona. Kutoka Houston ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara moja, I-10, na gari langu lilikunywa kama lita 600 kwenda tu. Hapo ndipo nilipoona upuuzi wa kuhangaikia dola sita za punguzo la kambi. Quartzsite ni kijiji cha jangwani ambacho wakati wa baridi wazee hukimiminikia na magari yao mpaka jangwa linang'aa. Ardhi ni ya serikali. Kibali cha msimu mzima, Septemba katikati mpaka Aprili katikati, kilikuwa dola 180. Cha siku 14 kilikuwa dola 40. Haina nguzo ya umeme, haina binti wa mapokezi. Unaegesha, unakunjua kiti, basi.

Na hapo, Shangazi, nikakuta ngamia. Makaburini kuna piramidi ya mawe, na juu yake ngamia wa shaba. Nikasogea nisome: Hi Jolly. Kumbe ni Haji Ali! Mtu wa dola ya Uthmaniya, aliyeletwa mwaka 1856 jeshi la Marekani lilipotaka kujaribu ngamia jangwani. Majaribio yakaachwa, Haji Ali akabaki, na watu wakashindwa kutamka jina lake wakalisokota mpaka likawa hilo. Alifariki 1902, piramidi wakamjengea 1935. Mimi huku kazini naitwa kwa herufi ya kwanza tu kwa sababu lililobaki wanasema ni refu, kwa hiyo nilimwelewa haraka. Nikamsomea Fatiha. Mke wangu, akikumbuka mtaa wangu wa Tanga, akasema, haya, mtoto wa Ngamiani umefika kwenu.

Tuliporudi tulikuta bahasha nzuri: tumechaguliwa! Usiku mbili bure kwenye kambi ya kifahari kando ya ziwa, na zawadi, tusikilize tu maelezo ya dakika 90. Jina la kampuni nalihifadhi. Kijana wa mauzo alikuwa na meno mengi. Alituuliza, katika miaka kumi ijayo, mnaota kusafiri usiku ngapi kwa mwaka? Mke wangu akajibu, "Mimi? Hata mmoja." Kijana akacheka, akaandika 30. Mara miaka kumi, mara dola 60: dola 18,000! Akaizungushia duara. Uanachama wao ni dola 7,900 tu. Nami, Shangazi, nakiri, kidole kilianza kunicheza kutafuta kalamu. Hesabu ilikuwa sahihi kila mstari isipokuwa ule wa kwanza.

Mke wangu hakusema neno. Unamjua, kakulia Soko la Mgandini, mama yake akiuza khanga. Kijana akaona kimya, akaenda kwa meneja, akarudi na 5,400. Kimya. Akaenda tena, akarudi na 2,995 na jasho. Hapo mke wangu akaniinamia sikioni: "Khanga ikishushwa bei kwa kasi hivi, inachuja." Kisha akauliza kwa upole kama kuna ada ya kila mwaka. Ipo. Inapanda? Inaweza kupanda. Gari likifa? Ada inaendelea. Na tukitaka kutoka? Kijana akang'aa uso, akasema jambo zuri ni kwamba tunaweza kuwarithisha watoto. Alilisema kama vile ni shamba la minazi.

Tukachukua zawadi yetu, tochi isiyo na betri, tukaenda kuogelea. Ziwa lilikuwa zuri, kusema haki.

Yule mzee jirani wa kambini nilipomsimulia alicheka mpaka akashika mlango. Yeye kambi nyingi za hifadhi za taifa analipa nusu, kwa kadi ya wazee ambayo mwenye miaka 62 na zaidi, raia au mkazi wa kudumu, anainunua dola 80 mara moja, imekwisha, ya maisha. Nimebakiza miaka 11. Kisha akaniuliza kama nimefika Livingston.

Livingston iko kaskazini yetu, mwendo wa saa moja na nusu. Ndiyo makao ya klabu ya Escapees, iliyoanzishwa 1978 na Joe na Kay Peterson, mume na mke waliokuwa wakiishi barabarani. Wanachama wengi hawana nyumba nyingine zaidi ya gari, kwa hiyo klabu inawapokelea barua na kuwafuatishia popote walipo, na anwani ya hapo ndiyo kwao kisheria. Hayo mimi hayanihusu, nina nyumba ya kupanga na sanduku la barua lililojaa bili. Nilikwenda kwa sababu ya swali lako la tatu.

Tulipoteremka tu, bibi mmoja mwenye miaka kama 80 alinikumbatia. Ndiyo desturi yao, wanakumbatiana badala ya kupeana mikono. Nilisimama kama mlingoti, mikono hewani, mke wangu anatazama. Zamu yake ilipofika, akakumbatiwa yeye zaidi.

Bibi akatupeleka kwenye kituo cha wanachama waliozeeka au kuugua. Magari yameegeshwa karibu karibu chini ya misonobari, matairi mengine yameshaanza kuzama kwenye majani. Hayaendi tena popote. Mwanachama anabaki kwenye gari lake, kwenye kitanda anachokijua, wenzake na wahudumu wanahakikisha anakula na anafika kwa daktari. Niliangalia kwa jicho la kazi, unajua siwezi kujizuia. Niliona kucha zimekatwa. Niliona mzee mmoja amewekewa kengele ya mlango kwenye kimo cha kiti cha magurudumu. Nimefanya kazi kwenye majumba yenye mazulia ambayo kengele hiyo haipo.

Kwa hesabu ya fedha, Shangazi, klabu hii hainilipi. Siku 11 kwa mwaka hazilipi klabu yoyote, nimepiga kila upande. Mke wangu ndiye aliyechukua fomu. Nikamkumbusha alisema hataota hata usiku mmoja. Akasema yeye hajiungi na safari.

Mwambie Mjomba RV haiji Muheza. Na mchango wangu wa kikoba mwezi huu utachelewa siku tano, kwa sababu ya hiyo fomu na petroli. Najua faini. Usinitetee kikaoni, iandike.

Wasalaam,
Mwanao