Daftari Lifunguliwe Nyuma Kwanza

Jioni ikiingia hapa Kasongo, akina baba hupotea. Mtoto akitoa tu daftari mfukoni na kuliweka mezani, baba aliyekuwa amejinyoosha kwenye kiti anakumbuka kwamba kuna deni hajalidai, au kuna jirani mgonjwa hajamjulia hali. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniaga hivyo, kumbe mgonjwa mwenyewe alikuwa shambani tangu asubuhi, analima.

Tusimcheke sana. Watoto wetu wanaamka na Kiswahili, wanacheza kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, halafu jioni wanaleta swali la Kifaransa. Na Kifaransa cha wengi wetu kinatosha kujibizana na askari wa barieri, si kumfundisha mtu sehemu na desimali. Ndiyo, Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa hapa Kongo, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitaka lugha hizo zitumike kufundishia. Lakini sheria inakaa Kinshasa, na daftari liko hapa mezani kwangu.

Mke wangu ni mtu wa Kabambare, na visingizio havimwingii. Alitoa amri: hakuna kupakua chakula mpaka mtu mzima mmoja awe ameketi na watoto. Sombe inanukia jikoni, mawese yanachemka, na wewe uko mezani unatafuta eneo la pembetatu. Sijawahi kuona shule yenye nidhamu kama hiyo.

Siku moja lilikuja swali ambalo, nikasema moyoni, Mungu ameniletea mimi. Mfanyabiashara amenunua gunia la mchele kwa bei hii, ameliuza kwa bei ile: faida yake ni kiasi gani? Mimi nauza mchele! Nikavuta kiti. Nikamuuliza binti yangu, "Gunia limetoka wapi kwenda wapi?" Akasema kitabu hakikuandika. "Basi tuseme linakwenda Kabambare. Nani amesukuma baiskeli? Amelala wapi? Amekula nini?" Binti anaandika. Tukatoa pesa ya msukuma baiskeli. Tukatoa barieri ya kwanza, ya pili, na ile inayowekwa ikijulikana tu kwamba wewe unapita. Tukatoa mchele ulioloa mvua, na kibakuli cha shemeji anayesema atalipa mwisho wa mwezi. Tulipomaliza, yule mfanyabiashara wa kitabuni alikuwa anadaiwa. Binti akaandika kwa mwandiko safi: "Faida: hakuna."

Alipata sifuri, na chini yake wino mwekundu ukiniita shuleni. Nikaenda na koti langu la sherehe. Mwalimu alisoma orodha yetu kimya, mstari kwa mstari, kisha akauliza, "Baba, hiyo barieri ya tatu ni mpya?" Tukazungumza habari za barabara mpaka kengele ikalia. Sifuri hakuifuta. Mimi hadi leo nasema jibu letu ni sahihi, ila swali ndilo lina kasoro.

Hasara ya kweli ililetwa na majedwali ya kuzidisha. Umeme hatuna, tunasomea tochi ya simu yangu, imeegemezwa kwenye bakuli ili imulike meza nzima. Nikamuuliza kijana wangu, "Nane mara saba?" Papo hapo simu ikalia. Mdogo wao, ambaye kazi yake ni kugusa vitu, akaigusa, ikapokea. Mteja wangu wa Kabambare alikuwa anauliza bei ya gunia. Kijana naye, kwa furaha ya mtu aliyelikumbuka jibu, akapaza sauti: "Hamsini na sita!" Mteja akasema asante, akakata. Alipofika alikuja na faranga elfu hamsini na sita mkononi, pesa isiyofikia hata niliyonunulia mimi, na akaapa kwamba bei aliisikia kwa masikio yake nyumbani kwangu. Tulibishana kutwa nzima. Mke wangu alisema tu kwamba mtoto hakukosea hesabu.

Lakini mwalimu mkuu wa nyumba hii ni mama yangu, na yeye hajui hata herufi moja ya Kifaransa. Alisoma chuo cha Kurani, juzuu kwa juzuu, kama wasichana wengi wa Kiislamu wa Kasongo wa wakati wake. Miwani yake mkono mmoja umefungwa kwa uzi. Kila jioni anadai daftari akague, na daftari analifungua kama alivyozoea kufungua juzuu, yaani kutoka upande wa kulia. Kwa hiyo anaanzia nyuma.

Huko nyuma kijana alikuwa ameficha maisha yake yote. Wachezaji wa timu ya Mazembe wamechorwa na jezi zao na namba. Baada ya wachezaji, karatasi za majaribio zimekunjwa mara nne: tatu kwa kumi, mbili kwa kumi, moja yenye maneno ya mwalimu yaliyopigiwa mstari. Bibi akazikunjua polepole, akazilainisha juu ya goti. "Mwalimu wenu," akasema, "mbele huku hana wino mwekundu kabisa. Mbona huku nyuma ameumwaga wote?" Kijana akatazama mlango. Mama yake alikuwa ameshasimama pale.

Bibi huyohuyo alisomewa somo la historia: mistari michache juu ya jeshi la Dhanis, ofisa Mbelgiji, kuuteka mji huu Aprili 1893, wakati wa vita na Sefu, mwana wa Tippu Tip mfanyabiashara wa watumwa. Binti alilikariri lote kwa Kifaransa bila kukwama. "Vizuri. Sasa niambie umesema nini." Binti akakwama palepale. Alijua kulikariri tu. Ikabidi tulishushe kwa Kiswahili neno kwa neno, na Bibi anauliza: watu walikimbilia wapi? Wale waliofungwa minyororo na kuuzwa kabla ya hapo, wameandikwa? Binti alirudi shuleni na maswali ambayo kitabu hakina, na somo la siku moja likala siku mbili. Jaribio la somo hilo alifaulu, tena kwa Kifaransa.

Nayasema haya kwa sababu wengi walidhani kazi ya mzazi imekwisha. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, iliahidi shule ya msingi ya serikali iwe bure, na ahadi hiyo ikaanza kutekelezwa Septemba 2019. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila madarasa yalijaa mpaka dirishani, na mwalimu mwenye umati ule hawezi kufunua kila daftari, sembuse kurasa zake za nyuma. Ada ilipopungua, kazi ya nyumbani ndiyo iliyoongezeka.

Basi wazazi wa Kasongo na Kabambare, hasa nyinyi mnaosema hamkusoma: mwite mtoto, mwambie akueleze somo kwa Kiswahili mpaka uelewe, na asipoweza, mrudishe kwa mwalimu na maswali yake. Simu ikiwa ndiyo taa, ikateni mtandao kwanza. Na mwalimu akikuita, nenda, lakini bei ya mchele msiigusie mpaka mmemaliza habari ya mtoto.