Namna ya Kumwacha Mbwa Tabora Bila Kulaumiwa

Barua ya uhamisho ikishatua mezani, mtumishi wa umma aliyeko Tabora hujipanga vizuri. Kitanda kinafunguliwa, kabati linauzwa kwa mwalimu mgeni, madumu ya asali ya Sikonge yanafungwa kwa ajili ya wakubwa wa kituo kipya. Usiku wa mwisho ndipo inapokumbukwa kwamba yuko Simba, mbwa wa makamo, ambaye hamo kwenye hesabu ya posho ya uhamisho. Mwongozo huu ni wa usiku huo.

Kwanza, usijione mkosaji. Mji huu umezoea. Tangu enzi za Unyanyembe kila msafara uliopita uliacha hapa ulichoshindwa kukibeba: punda aliyechoka, pagazi mgonjwa, deni. Hata miembe yetu, kwa simulizi za wazee, ni kokwa zilizotupwa na watu wenye haraka. Mbwa mmoja atazidisha nini?

Watakaokushauri usafiri naye, wakumbushe historia. Mwaka 1871 Stanley alikuja huku na mbwa wake Omar. Mbwa akafia upande wa Makata, bwana wake akaendelea hadi Kwihara. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akafanya makubwa zaidi: alishusha Msasani tembo wanne kutoka India, wapite njia hii ya misafara hadi Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Wengi wao walikufa njiani, mizigo mizito mgongoni na chakula cha kubahatisha. Mpango ulikuwa umekamilika kila upande, isipokuwa swali la mnyama atakula nini. Swali hilo na wewe usiliulize, utachelewa basi la Mbeya.

Njia inayopendwa ni ya kiroba, hasa kwa paka. Mtie ndani, mpe bodaboda, aende naye mbali, amwachie porini. Jiambie kwamba atajitafutia. Paka aliyelelewa kwa dagaa wa Kigoma waliokaangwa, ambaye panya wa stoo walimzoea wakawa wanapishana naye mlangoni, ataanza uwindaji uzeeni, na fisi watamwelekeza. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayokataza ukatili, lakini nani husoma sheria saa tano usiku?

Njia ya pili ni makabidhiano ya nyumba. Andika: funguo, balbu, mbwa. Usimuulize anayeingia kama anampenda mbwa, kama ana mtoto mchanga, au kama ni mtu wa swala tano. Mzee aliyetoka kutawadha atafurahi mno kulambwa mkono akielekea msikitini.

Ukikosa wote hao, mpe mtani. Mnyamwezi na Mzaramo walianza kutaniana tangu siku za misafara, na utani huo una faida moja kubwa: mtani akimchukua Simba akicheka, kisha Simba asionekane tena, huna pa kushtaki. Ukilalamika, atakudai na bakuli lake la chakula.

Wapo, lakini, watu wasumbufu. Hao huanza wiki kadhaa kabla, kana kwamba wanaoza binti. Wanampeleka mbwa kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, chanjo inayorudiwa kila mwaka, na kadi wanaitunza wamkabidhi mpokeaji. Wanauliza maswali ya aibu: atalala wapi, nani atampikia ugali mwenye nyumba akisafiri, mnyororo utafunguliwa saa ngapi. Wanaitisha pesa, japo kidogo, maana cha bure huchukuliwa na yeyote, hata asiye na haja nacho. Tena wanasema ukweli! Wanatamka mbele ya mpokeaji kwamba Simba anakula vifaranga na anaogopa radi. Mpokeaji akikimbia, wanashukuru amekimbia mapema. Akibaki, wanampeleka mbwa akashinde kwake jioni mbili tatu, na siku ya kuhama anaondoka na gunia lake analolalia, lenye harufu ya kwao. Paka wanaagiza afungiwe ndani wiki chache za mwanzo, la sivyo atarudi kwenye nyumba ya zamani kumsubiri mtu aliyekwisha kuhama.

Kama ulichonacho ni tumbili au kasuku uliyepewa na rafiki wa Kigoma, mwongozo huu haukuhusu. Huyo ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na jirani uliyempa zawadi atakuwa amepokea kesi. Nenda ofisi ya wanyamapori kwa miguu yako, kabla hawajaja kwa gari lao.

Ukiwafuata wasumbufu, jiandae kwa gharama. Utakuwa umeshafika Mbeya, hata sanduku hujalifungua, simu italia: Simba hajambo, amenenepa, ila amekula kuku wa mke wa mchungaji, tena kuku wa mayai. Usibishane, wala usiulize ana ushahidi gani, kwa sababu wewe mwenyewe uliwaambia. Tuma hela ya kuku, na ya kutolea uiweke humo humo.