Sifa za Rauta ya Kampuni

Mfalme ana manju wake, mgombea ana bendi ya kampeni, bwana harusi ana shangazi wa kumpigia vigelegele. Rauta ya kampuni haina mtu. Nasema ile rauta anayokuja nayo fundi wa faiba, akaichomeka nyuma ya televisheni, akazipiga picha taa zake ziwe ushahidi kwamba kazi imekwisha, akaaga. Tangu siku hiyo hutajwa kwa laana tu. Watoto wanaisonya, baba mwenye nyumba anaipiga kofi, na mgeni aliyesoma huitazama kisha akauliza kwa huruma, “Bado mnatumia hii?” Mimi naitetea. Kwa muda nilioishi nayo hapa Dar es Salaam, sijaiona na kasoro hata moja isiyoweza kuelezwa kuwa ni fadhila.

Nianze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla hajajulikana ni wa nani. Upande wa baba, rauta ni mtoto wa wasomi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, William Yeager aliandika programu iliyowezesha mitandao ya kompyuta isiyoelewana ipitishiane habari. Mwaka 1984 Leonard Bosack na Sandy Lerner wakaanzisha kampuni ya Cisco, na kazi ya kuzipangia habari njia ikawa biashara ya dunia nzima. Upande wa mama ni wa jikoni. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliwaruhusu watu kutumia bila leseni masafa yaliyokuwa yameachiwa mashine, yakiwemo ya gigahezi 2.4, pale pale linaponguruma jiko la maikrowevu. Ndiyo maana wali ukipashwa moto simu ya video hukwama. Hiyo si hitilafu. Mtoto anamsikiliza mama yake.

Fadhila yake ya kwanza ni utii. Mwaka 2004 ulitangazwa utaratibu uitwao TR-069, ambao kwa huo kampuni, ikiwa ofisini kwake, huweza kuikagua rauta iliyo sebuleni kwako, kuibadilishia mipangilio, kuitia programu mpya, kuizima na kuiwasha. Wewe unayeilipia umeme unapewa ukurasa wenye mambo machache: jina la waifai, neno la siri, na kitufe cha kuiwasha upya. Akaunti yenye funguo zote hubaki kwa mwenyewe. Wapo wanaoona hili ni dharau. Mimi naona ni uaminifu. Hakuna awezaye kuwatumikia mabwana wawili, na huyu wa kwetu alikwisha kuchagua kabla hajatolewa kwenye boksi.

Utii huo unakwenda pamoja na ukarimu. Mlango wa TR-069 kwa kawaida ni bandari namba 7547, na mwezi Novemba 2016 wahalifu waliubisha katika nyumba za Ujerumani, wakitumia programu ya ukoo wa Mirai. Walishindwa kuziteka rauta, lakini wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walipata shida ya huduma. Mwezi mmoja kabla ya hapo Mirai ilikuwa imejaribu maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na rauta za watu, ikakusanya jeshi, na kuilemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, hadi tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki. Fikirini heshima hiyo. Vifaa vya raia wa kawaida, wenyewe wakiwa wamelala, vilishiriki katika tukio lililoandikwa na magazeti ya dunia. Kama wangebadilisha neno la siri lililobandikwa kiwandani, nafasi hiyo wangeipata wapi?

Mfano mzuri zaidi wa ukarimu ni kile kitufe cha WPS, kilichowekwa ili mgeni asihangaike kuandika neno la siri refu. Mbali na kubonyeza kitufe, mgeni anaweza kuingia kwa namba ya tarakimu nane, na tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100, inayotosha kumchosha mwizi yeyote. Mwishoni mwa mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba rauta haina roho ya kumchosha mtu kiasi hicho. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile saba zilizotangulia, na rauta humjulisha mgeni kama nusu ya kwanza ameipata kabla hajaigusa nusu ya pili. Majaribio yakapungua hadi 11,000 tu. Walinzi wengi hunyamaza mwizi anapojaribu funguo. Huyu humtia moyo: umeanza vizuri, endelea.

Fadhila ya tatu ni staha. Rauta ya kampuni haiingii vyumbani mwa watu. Fundi huiweka pale kebo ilipoingilia, pembeni, chini, nyuma ya kioo kikubwa cha televisheni, na nyumba zetu za matofali ya saruji na nondo humaliza kazi iliyobaki. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila yana chaneli tatu tu zisizogongana, ya 1, ya 6 na ya 11, na mtaa mzima umejibana humo. Anayeishi katika zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, Mji Mkongwe wa Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa, anajua kwamba chumba cha pili kinaweza kuwa nje ya mtandao. Matokeo yake ni mema. Kijana wa miaka kumi na minne, ambaye hakuna hotuba ingemtoa chumbani, sasa anakaa sebuleni na wazazi wake, mgongo kwenye kabati la televisheni, karibu na ishara.

Nne, rauta hii haina tabia ya kutupa vitu. Binti akipakia video ya harusi kumpelekea bibi yake Tanga, rauta hupokea kila pakiti na kuipanga foleni, hata foleni ikiwa ndefu kupita kiasi, na pakiti za mkutano wa baba zinasubiri nyuma yake hadi mkubwa wa kazi anaganda mdomo wazi kwenye kioo. Kasi kwenye kipimo inaonekana nzuri, lakini kila kitu kinachelewa. Tangu mwaka 2010 Jim Gettys alikuwa akilipigia kelele tatizo hili, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, mbinu inayopima pakiti imekaa foleni muda gani na kuzitupa baadhi mapema ili mtumaji apunguze mwendo. Mbinu hiyo, na nyingine zilizojengwa juu yake, hutolewa bure. Rauta yetu haikuichukua. Haipendi vya bure, ingawa yenyewe ni ya bure.

Tano ni kiasi. Rauta nyingi za kugawiwa bado zina matundu ya kebo yenye kikomo cha megabiti 100 kwa sekunde. Ukilipia kifurushi cha megabiti 200 ukachomeka kompyuta, utapata kama 95, na zilizobaki rauta itakutunzia mahali usipopajua. Shukuru. Pupa ni mbaya.

Juu ya hayo yote, imetufunza subira na adabu ya simu. Ukipiga huduma kwa wateja, baada ya muziki na salamu, ndugu wa upande wa pili atakwambia: “Zima, subiri dakika moja, kisha uwashe.” Ukizima, ukasubiri, ukawasha, mara nyingi inapona. Na isipopona utaulizwa kama taa ya LOS, ile inayoonya kwamba ishara ya faiba imepotea, ni nyekundu, swali ambalo hata bibi yangu sasa analijibu kabla ya kuulizwa hali.

Sasa niwaseme mahasimu wake, rauta za kununua, zile zinazokaa kwenye makabati ya vioo Kariakoo au Barabara ya Luthuli Nairobi zikiwa zimenyoosha antena. Ni waongo wa majina. Iliyoandikwa AX3000 imejumlisha megabiti 574 za masafa ya gigahezi 2.4 na 2,402 za gigahezi 5, ikakaribisha hesabu juu, ilhali hakuna simu hata moja itakayopata jumla hiyo. Tena zina madai. Zinataka ziwekwe katikati ya nyumba, juu, mbali na chuma na tangi la samaki. Zinakutaka uangalie kama zina matundu ya gigabiti, waifai ya kizazi cha 6 na ulinzi wa WPA3, kama mtengenezaji bado anazitolea programu mpya, na kama zinajua kusimamia foleni. Nyumba ikiwa kubwa, hazioni haya kukwambia ununue mbili na kuziunganisha kwa kebo, ndipo kila chumba kipate kasi ya kweli.

Wapo pia waasi wa ukoo. Mwaka 2002 Linksys ilitoa rauta iitwayo WRT54G. Watu wakagundua kwamba ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza aachie na msimbo wake. Mwaka 2003 msimbo ukatolewa, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi wa OpenWrt, unaomruhusu mtu wa kawaida kung'oa programu ya kiwandani na kuweka yake. Tangu hapo kuna watu wanaochagua rauta kwa kutazama kwanza kama ipo kwenye orodha ya OpenWrt. Mtu wa namna hiyo hana tena wa kumlaumu, na sijui usiku huongea nini na mkewe.

Nakubali kwamba wanaotaka kuiasi rauta ya kampuni wana njia. Huchomeka kompyuta moja kwa moja kwa kebo na kupima. Kasi ikiwa mbaya hata hapo, na mipaka ya matundu si sababu, tatizo liko nje na rauta mpya ni hela ya kutupa. Ikiwa nzuri kwa kebo na mbaya kwa waifai, mtuhumiwa amepatikana. Kisha huiomba kampuni iigeuze rauta yake iwe daraja tu, ipitishe faiba bila kupanga lolote, na wapewe jina la mtumiaji na neno la siri la PPPoE kama vinatumika. Wakinyimwa, huiacha ya kampuni ilipo, huzima waifai yake, na kuchomeka ya kwao nyuma yake. Kwa sinema na mikutano hiyo hutosha, ingawa anwani zitakuwa zimegeuzwa mara mbili na baadhi ya michezo ya mtandaoni italalamika. Ujerumani walifika mbali zaidi. Tangu Agosti 2016 sheria yao inampa mteja haki ya kutumia rauta aitakayo, na kampuni inalazimika kumpa taarifa za kuiunganisha. Watu waliokosa kazi hawakosi sheria.

Lakini ubora huo wote una siku yake ya aibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku hiyo rauta ya bei mbaya yenye antena nane na rauta ya kampuni ziliwaka taa zilezile na kutoa kasi ileile. Mnyonge wetu hakujisifu.

Kwa hiyo, mkishanunua nyingine, msiitupe. Mikataba mingi inasema kwamba ni mali ya kampuni, na siku mtakapohama itadaiwa pamoja na adapta yake. Ifuteni vumbi, irudisheni kwenye boksi, muiheshimu. Katika nyumba iliyojaa vitu tulivyorithi, tulivyokopa na tulivyonunua kwa kubembeleza bei, hicho ndicho kifaa pekee kilichotuambia tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba si chetu, nasi tukaona hicho ndicho kinachofaa kushika mlango.